NYUMBA NA MALEZI: Majuma Matatu ya Mtahiniwa

Kila mwaka, mwishoni mwa Agosti, vituo vya mabasi vya Uganda hujaa masanduku ya bati. Wanafunzi wa shule za bweni hurudi makwao kwa likizo ya muhula wa pili, na kwa majuma matatu hivi nyumba zilizokuwa kimya hupata tena mikono ya kuteka maji, kupukuchua mahindi na kubeba watoto wadogo. Kwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza au cha pili, hiyo ni likizo kama likizo nyingine. Kwa aliye katika kidato cha nne au cha sita, hiyo ndiyo ya mwisho kabla ya mtihani. Wa kidato cha nne akisharudi shuleni katikati ya Septemba, huwa amebakiwa na mwezi mmoja tu hivi kabla ya karatasi ya kwanza, kwani mitihani yao hufanywa kati ya Oktoba na Novemba. Wa kidato cha sita hungoja mpaka Novemba.

Wazazi wenye mtahiniwa nyumbani hulijua jambo hili vizuri. Wengine wamekwisha uza ng'ombe au kukopa ili mtoto afike hapo alipofika. Hata hivyo ni wachache wanaokaa kitako na kuhesabu ni saa ngapi hasa zilizomo katika majuma hayo matatu, na ni nani mwenye kuzigawa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Majuma matatu ni siku 21. Ziondolewe 2 za mwanzo, kwani mtoto aliyetoka bwenini hana budi kulala, kula na kuwaamkia wakubwa. Ziondolewe 3 za ibada na mapumziko, moja katika kila juma. Ziondolewe 2 za mwisho za kufua, kushona vifungo, kununua sabuni na kufunga sanduku. Zinabaki 14. Mtoto akisoma saa 5 kwa siku, nazo si chache kwa mtu anayesoma kwa makini, atapata saa 70. Mwanafunzi wa kidato cha nne ana masomo 8 au 9. Kwa mwenye masomo 8, saa hizo 70 hazifiki 9 kwa kila somo. Hiyo ndiyo likizo yote. Harusi moja ya siku mbili inakula saa 10, yaani zaidi ya somo zima.

Katika nyumba moja ya karani, nje kidogo ya mji wa Tororo, hesabu hiyo ilifanywa na mama ambaye mwenyewe aliishia darasa la sita. Haikutokana na mwalimu wala mkutano wa wazazi. Ilitokana na madaftari mawili.

Nyumba hiyo ilikuwa na watahiniwa wawili kwa mwaka mmoja: kijana wa kiume wa kidato cha sita, na dada yake wa kidato cha nne. Walifika siku moja, kwa basi moja. Asubuhi ya siku ya tatu, baba aliamuru meza ndogo itolewe sebuleni na kuwekwa chini ya mwembe kwa ajili ya kijana. Watoto wadogo walikatazwa kucheza upande ule. Redio ilipunguzwa sauti. Mgeni aliyepita kumsalimu kijana alimsalimu kwa kunong'ona, kama mtu aliyeingia hospitali.

Dada yake naye aliambiwa asome, na hakuna aliyemkataza. Lakini aliamka saa 12 asubuhi akaenda bombani, akarudi akapika uji, akaosha vyombo, akamwogesha mdogo wake wa mwisho, kisha akamfuata mama shambani. Ni majira yenye kazi: mahindi ya msimu wa kwanza yamevunwa na yanataka kukaushwa na kupukuchuliwa, na huku mvua za pili zinakaribia na maharage yanangoja kupandwa. Akirudi kutoka shambani hukuta kuni, na baada ya kuni sufuria ya jioni. Baada ya chakula, wadogo wakisha lala, ndipo alipofungua daftari lake mbele ya taa.

Wote wawili walikuwa wamezoeshwa shuleni kuandika juu ya kila ukurasa tarehe na saa waliyoanza kusoma. Ni desturi nzuri, nayo yafaa iigwe. Siku ya nne ya masomo yale, mama alikuwa akipanga vitu sebuleni akayakuta madaftari mawili yamelala moja juu ya jingine. La kijana lilisema: saa 2 asubuhi, saa 9 alasiri, saa 2 asubuhi. La binti lilisema: saa 4 usiku, saa 4 na nusu usiku, saa 5 usiku. Katika kurasa za kijana maandishi yalikwenda sawa mpaka mwisho. Katika zile za binti, mistari ya mwisho ilikuwa imeteremka kuelekea pembeni mwa karatasi, na mahali pamoja kalamu ilikuwa imechora mkia mrefu usio herufi. Hapo ndipo usingizi ulipomchukua.

Mama hakusema neno mchana. Jioni, wakati wa chakula, aliyaleta madaftari yote mawili akayaweka mbele ya mumewe.

"Baba Watoto, nisomee saa zilizoandikwa hapa."

Baba akasoma. Alipomaliza akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba kazi za nyumbani zina wenyewe tangu zamani.

"Wenyewe ni akina nani?" mama akauliza. "Chakula hiki tunakula sote. Na karo ya shule tulilipa mara mbili, hatukulipa moja na nusu."

Shangazi wa watoto, aliyekuja kukaa siku chache, hakupendezwa na maneno hayo. "Wifi," alisema, "unataka kijana mwanamume aonekane bombani na jerikeni kichwani? Watu watasemaje?"

"Watasema ana nguvu," mama akajibu. "Naye hana haja ya kulitia kichwani. Baiskeli ipo."

Aliyemaliza mjadala ni kijana mwenyewe. Alisema, huku akitazama sahani yake, kwamba shuleni yeye huteka maji kila siku, hufua shati lake, hufagia bweni kwa zamu na kuosha sahani yake, na hakuna aliyewahi kumcheka, kwa kuwa wote hufanya hivyo. Hakuna asiyejua kwamba shule za bweni za wavulana haziletewi akina dada wa kuosha vyombo. Ni ajabu kwamba ujuzi huo wote hufungiwa sandukuni siku ya likizo na kufunguliwa tena Septemba.

Baba alikubali, ingawa kwa shingo upande. Kukapangwa hivi: kijana na mdogo wake wa miaka 12 wateke maji na kutafuta kuni, binti apike chakula cha jioni na kijana aoshe vyombo, mahindi yapukuchuliwe na watu wote baada ya saa 11 jioni, muda ambao kwa vyovyote nuru ya kusomea huanza kupungua na mazungumzo hunoga. Saa 3 za asubuhi, kutoka saa 2 mpaka saa 5, na saa 2 za alasiri, kutoka saa 9 mpaka saa 11, ziwe za watahiniwa wote wawili. Meza iliyo chini ya mwembe ikawekewa kiti cha pili.

Hapa inafaa ieleweke vema kwamba hakuna anayesema kazi ya mikono inamharibu mtahiniwa. Saa mbili za jembe humchangamsha aliyekaa juu ya kitabu asubuhi nzima. Kinachoharibu ni kumpa binti mabaki ya siku. Kwa mpango wa kwanza, yule binti alipata saa 2 tu kila usiku, tena za usingizi. Katika siku 14 ni saa 28. Yaani saa 3 na nusu kwa kila somo, dhidi ya karibu 9 za msichana mwingine ambaye kwao wamehesabu. Wote wawili watakaa katika chumba kimoja na kuulizwa maswali yale yale, na Baraza la Taifa la Mitihani, ambalo limekuwa likiitunga na kuisimamia mitihani ya Uganda tangu lilipoanzishwa mwaka 1983, halina safu ya kuandikia ni nani aliyekuwa akipika.

Saa zikisha patikana, kuna swali la jinsi ya kuzitumia, na katika hili watahiniwa wengi hujidanganya kwa nia njema kabisa. Wao husoma daftari tangu mwanzo mpaka mwisho, kisha hulirudia tena. Kila marudio maneno huonekana mepesi zaidi, na wepesi huo huwafanya waamini kwamba wamejua. Kumbe wamezoea sura ya ukurasa tu.

Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walitoa matokeo ya jaribio ambalo kila mzazi wa mtahiniwa angefaa kulijua. Waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu habari fupi za kusoma. Wengine waliisoma habari kisha wakairudia. Wengine waliisoma, wakaifunika, wakaandika yote waliyoyakumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma ndio walioshinda: walikumbuka kama sehemu 81 katika 100, na wenzao 75. Lakini walipopimwa baada ya juma moja, mambo yaligeuka. Waliorudia kusoma walibaki na 42, na wale waliojijaribu wenyewe walikuwa na 56. Na mtihani wa Oktoba, ni dhahiri, hauji dakika 5 baada ya kufunga daftari la Agosti.

Maana yake katika nyumba ni hii. Mtahiniwa asome sehemu moja, alifunge daftari, achukue karatasi tupu na kuandika alichokielewa kwa maneno yake. Kisha alifungue aone alichokosa. Kesho aanze kwa kujiuliza ya jana kabla hajagusa mapya. Na baada ya siku tatu au nne ayarudie tena kwa njia hiyo hiyo. Somo moja lisishindiliwe siku nzima na kuachwa mpaka mwisho wa likizo. Ni afadhali masomo mawili au matatu kwa siku, yakipokezana. Zile karatasi za mitihani iliyopita, ambazo wengi huzisoma pamoja na majibu yake kana kwamba ni hadithi, zijibiwe kwa kalamu, saa ikiwa mezani, na majibu yasitazamwe mpaka muda uishe. Kufanya hivyo hukera na huchosha, na mara nyingi mtoto atadhani kwamba anarudi nyuma. Mzazi amtie moyo katika kuchoka huko.

Tena njia hii inampa mzazi kazi. Yule mama wa Tororo hakujua fizikia wala hakujifanya kuijua. Lakini alijua kusoma vichwa vya habari katika daftari. Jioni, mikono ikiwa katika mahindi, binti alimwekea daftari magotini, na mama akauliza: "Hapa wameandika 'mzunguko wa damu'. Haya, nieleze." Binti akaeleza. Mama alipokosa kuelewa alisema, "Rudia, sijaelewa," na binti akalazimika kutafuta maneno mepesi zaidi. Mara mbili au tatu aligundua kwamba kilichomzuia kueleza ni kwamba hata yeye mwenyewe hakuwa ameelewa. Shangazi, aliyekuwa akipukuchua upande wa pili, alisikia mengi kuhusu moyo na mishipa, na siku ya tatu akaanza kuuliza maswali yake.

Kwa watahiniwa wa kidato cha nne wa sasa jambo hilo lina uzito zaidi. Mtaala mpya wa vidato vinne vya kwanza, ulioanza kufundishwa mwaka 2020 na kutahiniwa kwa mara ya kwanza mwaka 2024, humpa mwanafunzi tukio la maisha, kama vile kijiji chenye maji machafu au mfanyabiashara mwenye hasara, na kumtaka atumie alichojifunza ili kulitatua. Katika alama 100, 20 hutokana na kazi zilizofanywa shuleni katika miaka ya masomo, na 80 hutokana na mtihani wa mwisho. Aliyekariri maelezo ya mwalimu neno kwa neno atalikuta swali ambalo halimo daftarini mwake. Aliyezoea kumweleza mama yake atakuwa na pa kuanzia.

Wako wazazi ambao, kwa hofu, huwapeleka watoto kwenye masomo ya ziada ya kulipia tangu siku ya kwanza ya likizo. Wizara ya Elimu ya Uganda imekwisha kataza mara nyingi kufundisha wakati wa likizo, na nchini Kenya sheria ya elimu ya msingi ya mwaka 2013 iliweka faini ya hadi shilingi 100,000 za nchi hiyo, au kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili, kwa anayeendesha masomo ya namna hiyo. Pamoja na hayo biashara haijafa. Mzazi ajiulize tu: mtoto aliyekaa darasani akisikiliza kwa majuma 12 ya muhula, je, anapungukiwa na kusikiliza? Mara nyingi anachopungukiwa ni saa za kufanya mwenyewe, na hizo hazina ada. Ikiwa kuna mada moja au mbili zilizomshinda kabisa, amtafute mwenzake jirani aliyezielewa, au mwalimu wa karibu aulizwe kwa adabu kwa nusu saa.

Kuhusu usingizi, wataalamu wa Marekani walishauri mwaka 2016 kwamba vijana wa miaka 13 mpaka 18 walale saa 8 hadi 10 kwa usiku. Ubongo huendelea kuyapanga yale yaliyosomwa wakati mtu amelala, kwa hiyo anayeuza usingizi ili anunue kurasa kumi hupoteza na za mchana. Kwa mtoto anayeamka saa 12 asubuhi, taa izimwe si zaidi ya saa 4 usiku. Simu ya mkononi ilale chumbani kwa wazazi. Mtoto aliyeikosa muhula mzima shuleni ana njaa nayo, na si haki kumwachia ashindane nayo peke yake usiku.

Liko pia jambo ambalo wazazi hudhani watoto hawalisikii. Usiku, nyuma ya pazia, baba na mama huzungumza habari ya karo ya muhula wa tatu: kiasi gani kimepatikana, nani hajalipa deni, kama mbuzi auzwe. Mtahiniwa aliyelala chumba cha pili husikia kila neno, na kesho yake hukaa mbele ya kitabu akihesabu fedha za wazazi wake. Afadhali aitwe na kuambiwa wazi: "Tuna kiasi hiki, bado kiasi hiki, na tunalipa siku fulani." Hata kama habari si njema, ina mwisho, uvumi wa nyuma ya pazia hauna.

Mpango wa nyumba ile haukwenda bila kuyumba. Baba alisahau mara mbili akamwita binti saa 3 asubuhi amtafutie viatu, na mara zote mbili kijana ndiye aliyeinuka. Siku moja mvua ilinyesha mahindi yakiwa nje, na vitabu viliachwa mezani kila mtu akakimbia. Katika juma la tatu ukaja msiba: babu mdogo wa upande wa baba alifariki, umbali wa safari ya saa 2. Shangazi, aliyekuwa ameahirisha kuondoka, alisema binti atangulie siku mbili kabla kusaidia mapishi, na kijana abaki asome, aje siku ya mazishi.

Mama alifikiri kwa muda. Kuwaacha nyumbani hakukuwezekana. Mtoto asiyeonekana kwenye mazishi ya babu yake hukumbukwa kwa hilo miaka mingi kuliko cheti chake. Lakini siku mbili za kupika zilikuwa saa 10.

"Watakwenda wote wawili," alisema, "siku ya mazishi. Na mimi nitatangulia kupika."

Wakaenda alfajiri, wakazika, wakarudi jioni na basi la mwisho. Ukurasa wa siku hiyo, katika madaftari yote mawili, haukuandikwa saa.